Bustani Huanza na Maji, Si na Mbegu

Maneno haya kuhusu bustani ya mboga ya nyumbani niliyasema Jumamosi iliyopita mbele ya majirani na wanachama wa vyama vya akina mama hapa Kiamunyi, viungani mwa jiji la Nakuru. Wengi hawakuweza kufika. Wengine walikuwa matangani, wengine kazini, na wengine wamesafiri kwenda nyumbani magharibi. Waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Hamjambo wote? Hamjambo tena? Mzee wa mtaa, mama mwenyekiti, wazee wangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kuja. Najua Jumamosi ni siku ya kufua na siku ya soko. Sitawaweka hadi giza.

Nianze na kisa changu mwenyewe.

Mwezi wa Machi mwaka 2022 nilinunua miche 200 ya sukuma wiki. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, udongo umelowa, harufu ile ya vumbi lililopata maji imejaa hewani, nami nikasema, haya, mvua ndefu imefika. Marehemu baba alikuwa akipanda ifikapo tarehe 25 Machi, mwaka nenda mwaka rudi, na hatukuwahi kulala njaa. Nami nikapanda. Nikapanda yote 200 kwa siku moja.

Mvua ikakatika.

Siku ya nne majani yalianza kulegea saa sita mchana, jioni yakainuka. Siku ya saba yakalegea saa nne asubuhi. Siku ya kumi hayakuinuka tena. Nilikuwa nikinunua maji ya mkokoteni, mtungi baada ya mtungi, mpaka siku moja nikakaa nikapiga hesabu: maji niliyokuwa nikimwagia mboga yalikuwa ghali kuliko mboga zenyewe kwa mama mboga. Nikaacha. Zikafa.

Mwaka 2024 nikasema nimeshajifunza. Nikaihamisha bustani hadi chini kabisa ya ploti, mahali penye unyevunyevu. Nikatia samadi niliyoikusanya miezi sita. Nikalima mistari iliyonyooka kutoka juu kwenda chini, kwa sababu ilipendeza macho. Usiku mmoja wa Aprili mvua ilinyesha kama inayomwagwa kwa debe. Asubuhi nilikuta miche yangu imelala kwenye ua wa jirani, na udongo wangu mweusi umejaa kwenye mtaro wa barabara.

Mnaukumbuka Aprili ule. Ndio mwezi ambao, usiku wa kuamkia tarehe 29, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli yalibomoa na kushuka Maai Mahiu, kwenye kaunti yetu hii, yakachukua makumi ya watu waliokuwa wamelala majumbani mwao. Mimi nilipoteza mboga tu. Sijilinganishi na mzazi aliyepoteza mtoto usiku ule. Lakini maji ni yale yale, na mlima ni ule ule unaoteremka bila kitu cha kuyashika.

Sasa nawauliza. Shamba moja, mkono mmoja, mwaka huu mboga zinakufa kwa kiu, mwaka ule zinakufa kwa maji. Kosa lilikuwa la mbegu? Hapana. Kosa lilikuwa la mvua? Mvua haina anayeiamrisha hapa duniani. Kosa lilikuwa langu. Niliipanga bustani kwa ajili ya mwaka mzuri. Na mwaka mzuri, ndugu zangu, umekuwa mgeni anayekuja akipenda.

Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi mawingu yanakuja, yanatanda, yanapita. Sisi hapa katikati ya Bonde la Ufa tulizoea mvua ndefu ya Machi hadi Mei, nyingine mwezi wa Agosti, na mvua fupi ya Oktoba hadi Desemba. Mvua fupi hutegemea sana Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu wa Afrika yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mawingu yanatujia kwa wingi. Yakipoa, mawingu yanatukimbia. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, sehemu kavu za nchi yetu zilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mitano! Kisha mwisho wa 2023 ikaja El Niño na Bahari ya Hindi yenye joto kwa pamoja, na watu wale wale waliokuwa wakizika ng'ombe kwa ukame wakawa wanaokolewa kwa mashua. Hapa kwetu Ziwa Nakuru limepanda mpaka likameza lango kuu la zamani la mbuga, na wenzetu wa Mwariki na Barut wakahama nyumba zao.

Kwa hiyo msinielewe vibaya nikisema mpange kwa ajili ya mwaka mbaya. Sisemi ukame peke yake. Nasema bustani yako iweze kukaa wiki tatu bila tone, na iweze kupigwa na mvua ya usiku kucha, na wewe bado upate mboga ya kupikia ugali. Inawezekana. Mimi sasa napata. Lakini haianzi kwenye duka la mbegu.

Inaanza na maji. Maji kwanza.

Mvua ijayo ikinyesha, usikimbilie ndani. Vaa gamboti, jifunike gunia kichwani, toka nje ukiwa na vijiti ishirini mkononi. Mimi nilifanya hivyo na kitinda mimba wangu baada ya hasara ile ya pili. Mtoto alidhani ni mchezo. Tulizunguka ploti yetu, na kila mahali maji yalipoingia tulichoma kijiti, yalipokimbia tukachoma kijiti, yalipotuama tukachoma kijiti. Mvua ilipokatika tukasimama kwenye veranda tukaangalia. Nimeishi pale miaka kumi na moja na sikuwahi kuiona ploti yangu. Maji ya barabarani yalikuwa yanaingia kwenye kona ya lango na kukata njia moja kwa moja hadi kwenye mistari yangu ya sukuma. Maji ya paa la jikoni yalikuwa yanaanguka mahali pamoja, yamechimba shimo la kina cha kiganja, na kutoka hapo yanaungana na yale ya barabarani. Nilikuwa nimewapandia mafuriko mboga njiani mwao.

Nikafanya nini? Nikageuza mistari. Badala ya kwenda na mteremko, ikaukata mteremko. Chukua vijiti vitatu, vifunge kama herufi A, ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka juu. Tembeza miguu ya hiyo A ardhini. Jiwe likitulia katikati ya kile kijiti cha kukingama, miguu yote miwili iko sawa, hakuna aliye juu wala chini. Weka alama, songa mbele. Ukiunganisha alama zako unapata mstari ambao maji hayakimbii, yanakaa. Hapo ndipo unachimba mtaro mdogo, udongo unaurusha upande wa juu au wa chini kulingana na mteremko wako, na juu ya tuta lile unapanda nyasi ya tembo au mchaichai ushike udongo. Mchaichai wangu sasa unanipa na chai.

Halafu paa. Sikilizeni hapa vizuri, kwa sababu hapa watu wengi wanatupa utajiri. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ya mabati ni lita 1 ya maji. Hesabu rahisi ya darasa la sita. Nyumba yangu ni mita 6 kwa 8, yaani mita 48 za mraba. Mvua nzuri ya milimita 20, ile ya saa moja jioni tunayoijua, inaniangushia lita 960. Toa sehemu ya tano inayoruka na kuvuja kwenye gata, zinabaki karibu lita 770. Hiyo ni mitungi 38 ya lita 20. Mitungi 38 kwa mvua moja! Na mwaka ule wa 2022 mimi nilikuwa nikimsubiri mtu wa mkokoteni.

Najua mtaniambia tangi ni ghali. Ni ghali kweli. Mimi nilianza na gata ya upande mmoja wa jikoni na pipa moja la lita 200, na maji yanayozidi pipa hayaendi barabarani. Yanaingia kwenye shimo nililopanda migomba mitatu, na maji ya bafuni yanaishia humo humo. Migomba haichagui. Maji ya kuoshea vyombo nayatuliza kwanza kwenye karai, mafuta yapande juu niyaondoe, kisha nayamwaga chini ya shina, si kwenye majani. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo hayo hayaendi bustanini kabisa. Na kwa wale mnaotumia maji ya kisima hapa Bondeni mwa Ufa, mnajua yana floraidi nyingi, tunaiona kwenye meno ya watoto wetu. Maji ya mvua hayana.

Nikumbushe jambo moja kwa wale wanaotoka magharibi, maana mkienda nyumbani Krismasi mtataka kuwafundisha wazazi haya. Msiwafundishe yote. Dada yangu ameolewa Ahero, kwenye tambarare za Kano. Udongo wao ni ule mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama kwenye ufa, na masika unakuwa gundi. Mimi hapa, kwenye udongo wetu mwepesi wa majivu ya volkano ya Menengai, maji yanapita kama kwenye chujio, kwa hiyo tuta langu nalizamisha chini ya usawa wa ardhi ili lipokee kila tone. Yeye akifanya hivyo, mboga zake zinaoza kabla ya kuota. Tuta lake analiinua hadi karibu na goti, na kati ya tuta na tuta kuna mtaro wa kutoa maji. Tumezaliwa tumbo moja, bustani zetu zimepishana juu na chini. Kwa hiyo usiige bustani ya mtu aliye mbali unayeongea naye kwa simu. Angalia udongo uliosimama juu yake.

Sasa udongo. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mama mkwe wangu anaishi Vihiga. Shamba lake ni dogo, kama mashamba mengi ya kule, ambako watu wamebanana na kila mtoto wa kiume amekatiwa kipande. Mwaka ule wa ukame nilikwenda kumsalimia, nikakuta mnavu wake umesimama wima, kijani kibichi, na mashamba ya jirani yamekauka. Nikamuuliza, "Mama, unamwagilia na nini?" Hakunijibu. Alichukua panga, akanipeleka nyuma ya jiko. Chini ya mboga kulikuwa na majani makavu ya migomba, mabua ya mahindi, na nyasi, vimelala kama mkeka mzito. Akaufunua mkeka kwa ncha ya panga, akachoma panga ardhini, likaingia hadi kwenye mpini bila kusukumwa sana. Akalichomoa, akanionyesha. Udongo mweusi umeshika kwenye chuma, una baridi, una mnyoo mmoja mnene anajinyonganyonga. Kisha tukatoka hatua tatu hadi njiani, penye ardhi tupu. Akachoma tena. Panga liligonga kama limegonga sakafu.

Akaniambia, "Mwanangu, wewe unavaa nguo. Kwa nini shamba lako linatembea uchi?"

Sikulisahau swali lile hata siku moja. Kwa nini mashamba yetu yanatembea uchi? Tunafagia ua mpaka unang'aa, tunakusanya majani tunayachoma moto, kisha tunanunua mbolea. Tunachoma mbolea asubuhi, tunainunua jioni! Matandazo yanazuia jua lisinyonye maji, yanazuia tone la mvua lisipige udongo na kuuvunja, na taratibu yanaoza yanakuwa chakula cha mimea. Weka unene wa kiganja. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina lisioze. Ukiona mchwa wameanza, changanya mabua na majani mabichi na uyaweke yawe na unyevu. Mchwa wanapenda vikavu.

Na mboji. Nitawaeleza kama alivyonifundisha yeye, kwa sababu njia yake haihitaji kipimo cha kununua. Chagua mahali penye kivuli. Chini weka mabua na vijiti vikavu ili hewa ipite. Juu yake majani makavu, kisha mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo na majivu ya jikoni kiganja kimoja au viwili, unanyunyizia maji. Unarudia tabaka hizo mpaka lundo lifike kiunoni. Unalifunika kwa majani ya migomba. Kisha unachukua kijiti kirefu, unakichoma katikati ya lundo kwa mshazari mpaka ndani kabisa, unakiacha humo. Hicho ndicho daktari wako. Baada ya siku tatu kichomoe ukishike. Kikiwa na joto na unyevu, lundo linafanya kazi. Kikiwa na joto lakini kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na kimelowa, kinanuka, maji yamezidi na hewa imekosekana: ligeuze. Ukiligeuza kila baada ya wiki mbili au tatu, katika muda wa miezi mitatu unakuwa na kitu cheusi kinachonuka kama msitu baada ya mvua. Samadi mbichi ya kuku usiipeleke moja kwa moja kwenye miche, itaichoma. Ipitishe kwenye lundo kwanza.

Mnajua shimo la tumbukiza? Wafugaji mnalijua, mnapandia nyasi ya tembo. Upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 60. Udongo wa juu unauweka kando, unauchanganya na samadi, unaurudisha, lakini hulijazi. Unaacha sentimita 15 juu wazi, maji yatuame hapo. Sasa kwa nini tuwape ng'ombe peke yao? Mimi nina mashimo manne ya tumbukiza yenye maboga na mahindi machache ya kuchoma. Mwezi wa Januari, kila kitu kikiwa kimefifia, majani ya maboga yangu bado yanachumwa.

Nani hapa bado ana sukuma wiki peke yake bustanini? Nyosheni mikono, msiogope. Mikono ni mingi. Na mimi nilikuwa hivyo.

Sukuma ni mboga nzuri, imetulea sote, siisemi vibaya. Lakini mtu aliyeweka hela zake zote kwenye mfuko mmoja, mfuko ukitoboka analala njaa. Kiangazi kikianza, vidukari wanajaa chini ya majani ya sukuma, na jani linajikunja. Wakati huo huo kunde inastawi tu. Kunde ni mtoto wa jua. Baada ya wiki tatu au nne unachuma majani, baadaye unapata na mbegu, na mizizi yake ina vifundo vidogo vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani na kuirudisha kwenye udongo. Unakula, na udongo nao unakula.

Na ile mboga ya mama mkwe wangu. Hapa ukumbini inaitwaje? Managu! Nimesikia managu. Osuga! Asante. Rinagu, nimesikia Wakisii. Lisutsa. Kwa Kiswahili ni mnavu. Na ile nyingine: saga, dek, thageti, chinsaga, Kiswahili chake mgagani. Tazameni. Ukumbi mmoja, lugha tano, mboga moja. Hizi ni mboga zilizoishi na mvua zetu na jua letu kabla ya babu zetu. Kwa miaka mingi tuliziita mboga za maskini, tukawapa wageni kabeji. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, amezifanyia utafiti maisha yake yote. Utotoni mwili wake ulikataa maziwa, nyama, samaki na mayai, akalelewa kwa mboga hizi, na alipokua akaamua kuzirudishia heshima. Leo managu inauzwa supamaketi. Nikisimama kwenye foleni nikaiona imefungwa kwa lebo, moyo wangu unafurahi kwa ajili yake na kwa ajili ya mama mkwe wangu pamoja.

Mnavu unaweza kuuotesha kitaluni ukahamisha. Mgagani haupendi kuhamishwa, mzizi wake unakwenda chini kama msumari, kwa hiyo mwaga mbegu pale pale utakapokaa. Na mbegu yake ikiwa mbichi inagoma kuota, inataka kupumzika miezi mitatu hivi. Wengi mmelaumu mbegu bure. Mnavu ukianza kuchanua, kata maua na vijitunda, utatoa matawi mapya ya pembeni. Mchicha, wiki nne unakula. Mrenda unapenda joto na maji. Viazi vitamu, hasa vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, vinafunika udongo kama matandazo hai, na vinakaa chini vikikungoja miezi minne, mitano. Muhogo ni akiba ya mwaka mzima. Mpapai mmoja au miwili upande wa jua la saa nane utaipa mboga kivuli.

Sasa sikieni kuhusu vijiko vitatu. Hili ndilo lingeniokoa mwaka 2022. Mbegu zako gawa vijiko vitatu. Kijiko cha kwanza panda na mvua ya kwanza. Kijiko cha pili panda baada ya wiki mbili. Kijiko cha tatu baada ya wiki mbili nyingine. Mvua ya kwanza ikiwa ya uongo, umepoteza kijiko kimoja, vimebaki viwili. Mvua ikiwa ya kweli, huna mboga zote zinazokomaa siku moja na kuharibika, una mboga kila wiki. Baba yangu alikuwa na tarehe moja, na ilimfaa kwa sababu mvua yake ilikuwa na ahadi. Mvua ya siku zetu haina ahadi. Vijiko vitatu.

Na mbegu yenyewe msiinunue kila msimu kama mnaweza kuitunza. Ule mche ulio bora kuliko yote, usiochoka jua likiwaka, ufunge kitambaa chekundu. Kila mtoto nyumbani ajue: penye kitambaa hapachumwi. Watu wengi wanachuma ule mzuri wanakula, wanaacha dhaifu utoe mbegu, kisha wanashangaa mboga zao zinazidi kudhoofika. Kausha kivulini, changanya na majivu safi, weka kwenye chupa kavu, andika mwezi.

Kuhusu wadudu na kuku nitapita haraka. Kiwavijeshi vamizi tumekuwa naye tangu mwaka 2017, kagua mahindi yako asubuhi na mapema, mwokote kwa mkono kwenye kitovu cha mhindi, bustani ndogo inawezekana. Kitunguu na dania katikati ya mboga vinasaidia. Kuku wawe na uzio, au bustani iwe nao.

Wapangaji, sijawasahau. Najua mnasema mama huyu anaongea habari za ploti na migomba, sisi tuna chumba kimoja na kamba ya nguo. Kaptembwo kuna kijana wa bodaboda ninayemfahamu, anaishi kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili. Alimwomba mwenye nyumba ruhusa kwanza, akapewa ukuta mmoja karibu na bomba. Ana magunia matatu. Alinionyesha anavyojaza. Unachanganya udongo debe mbili na samadi iliyooza debe moja. Unachukua gorogoro, lile kopo la kupimia unga, lililokatwa chini na juu, unalisimamisha katikati ya gunia, unalijaza kokoto. Unazungusha udongo pembeni yake, kisha unalivuta gorogoro juu, unajaza kokoto tena, udongo tena, mpaka gunia lijae. Sasa katikati una nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu, maji yakimwagwa hapo yanafika hadi miche ya chini. Bila nguzo ile, ya juu inanywa na ya chini inakufa. Unatoboa matundu pembeni kwa mpishano, kwa umbali wa kiganja, unapanda. Gunia moja linabeba miche thelathini hadi arobaini. Mvua kubwa ikija, analiburura chini ya paa. Jua likizidi, analigeuza. Ana bustani inayohama na hali ya hewa! Jioni anarudi, anazima pikipiki, anachuma, na majirani wawili wa ploti ile sasa wameanza yao.

Nyuma ya ukumbi kuna meza. Nimeleta mbegu za mnavu, mgagani na kunde, zote za msimu uliopita kutoka kwa mimea iliyofungwa kitambaa, na mama mwenyekiti ameleta marando ya viazi vya rangi ya chungwa yaliyokatwa asubuhi hii, yako kwenye gunia lililoloweshwa. Mbegu ya mgagani imeshapumzika, inaota. Kila nyumba ichukue vijiko vitatu vya kila aina, na marando kumi. Mwenye mbegu zake alizoleta kutoka nyumbani aziweke mezani, aseme jina lake na la mboga kwa lugha yake, tuandike kwenye bahasha. Vijana wawili watabaki pale mlangoni na vijiti vya herufi A, watawaonyesha wanaotaka kujaribu kwenye mteremko wa nyuma ya ukumbi.

Foleni ianze na akina nyanya, tafadhali.